CG125 ya zamani, volti 6 na pointi: niipeleke 12V na CDI, au niiache?

Kijana wa Uyole

Wakuu, habari za humu. Nina Honda CG125 ya kiki, toleo la Japani la mwanzoni mwa miaka ya 80, volti 6, cheche inatoka kwa pointi (swichi ndogo ya kimakanika inayofunguka na kufunga). Fremu imenyooka, tenki halijaoza, namba ya injini na ya chasi zote zinalingana na kadi ya TRA. Kazi nafanyia nyumbani: nina spana za kawaida, multimita, fila geji na chuma cha kulehemu.

Hali yake iko hivi. Taa ya mbele inang'aa ukivuta mafuta, ukiachia inakuwa kibatari. Indiketa zinawaka bila kupepesa silensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) ikiwa chini. Asubuhi inawaka kwa kiki ya 3 au ya 4. Plagi inatoka nyeusi kavu kama chini ya chungu cha kuni. Kupanda mlima wa Kawetere kwenda Chunya inataka gia ya 2 na inakohoa, lakini ikiteremka Kyela inakuwa nyepesi kabisa. Nimepima kompresheni, geji inasoma 10.

Maduka ya spea Mwanjelwa, hapa Mbeya, yamejaa vitu vya CG za Kichina. Nataka kuhamia volti 12 na CDI (kifaa cha kielektroniki kinachopiga cheche badala ya pointi), nirekebishe kabureta, na kuna anayenishauri niweke bloku na pistoni ya 150. Breki ya mbele ya diski nayo naiwaza. Nianzie wapi, na kipi kitanigharimu bure?

Fundi Nzovwe

Mkuu, anza na umeme, kabureta ifuate. Wengi wanageuza huo mpangilio na ndiyo maana wanabadilisha jeti mara tano bila kupona. Masizi kwenye plagi hayatokani na mafuta kuzidi peke yake. Cheche dhaifu inashindwa kuunguza mchanganyiko wote na inaacha masizi yale yale. Ukipunguza jeti wakati kosa ni kondensa (inayosaidia pointi kutoa cheche) iliyochoka, utapata pikipiki yenye njaa na cheche mbovu kwa pamoja.

Kuhusu 12V: kanuni ya kwanza, nunua seti nzima ya pikipiki ya aina moja. Maana yake magneti, sahani yenye koili zake, kipokezi cha cheche, CDI, koili ya plagi na regileta (kidhibiti cha volti). Usiokote magneti duka hili na koili duka lile. Magneti ya CDI ina nundu ndogo ya chuma kwa nje, ikipita mbele ya kipokezi ndipo CDI inapiga cheche. Nundu hiyo ikikaa tofauti na kipokezi chake hata digrii chache, taimingi (wakati wa kupiga cheche) imeharibika na hakuna skrubu ya kuirekebisha. Magneti yako ya pointi haina nundu kabisa, kwa hiyo haitumiki hata kama sumaku zake bado kali.

Angalia pia aina. CG za kiki tupu zina sahani ya koili inayofungwa kwenye injini, nyuma ya magneti. Zile za selfu nyingi koili zimefungwa ndani ya kava la kushoto, na nyuma ya magneti kuna klachi ya selfu. Wewe unataka ya kwanza. Ukichukua ya pili utalazimika kubadilisha na kava, na bado utahangaika na nafasi.

Kabla ya kulipa, jaribu magneti kwenye krenki yako. Sehemu ya krenki inayoingia kwenye magneti imechongwa kama koni, na koni hiyo lazima ikae kwa uso wote. Paka wino wa maka mistari minne kwenye koni, ingiza magneti bila kii (kipande cha chuma kinachoishikanisha na krenki), izungushe kidogo kwa mkono, itoe. Wino ukifutika mdomoni tu au ndani tu, usiichukue. Magneti isiyokaa vizuri itakata kii ya nusu mwezi siku utakayopanda mlima na mzigo, na ikikata inachimba krenki. Wengine husaga kwa dawa ya kusagia valvu ili ikae. Inafaa kwa kasoro ndogo sana, si kwa koni iliyo tofauti.

Magneti ya zamani itoe kwa pula yake yenye uzi. Usiipige nyundo pembeni wala usiikongoe kwa bisibisi mbili: sumaku zinaachia gundi na beringi ya krenki inaumia. Ukishaivua, angalia oili sili ya krenki upande huo. Sili ya miaka arobaini imekauka kama ganda, na oili ikivuja pale itaogesha koili mpya. Ibadilishe hapo hapo.

Sasa CDI. Kuna ya AC na ya DC, na kwa sura zinafanana. Ya AC inapata umeme wake kutoka koili maalumu kwenye sahani, haihitaji betri. Ya DC inakula betri, betri ikifa unasukuma hadi nyumbani. Kwa barabara za huku chukua AC. Utaijua kwa multimita upande wa koili: waya mweusi wenye mstari mwekundu, ukipima hadi ethi, usome mamia ya omu, mara nyingi kati ya 150 na 400. Kipokezi, waya wa bluu wenye mstari mweupe au wa njano, kwa kawaida ni 100 hadi 200. Koili ya kuchaji na ya taa ni omu 1 hivi, wakati mwingine chini yake. Ukikuta waya mweusi-mwekundu haupo kabisa, seti hiyo ni ya DC.

Kuunganisha: mweusi-mwekundu unaingia CDI. Wa kipokezi unaingia CDI. Mweusi-njano unatoka CDI kwenda koili ya plagi. Kijani ni ethi. Mweusi-mweupe ni wa kuzima: ukigusa ethi injini inakufa. Hakikisha swichi yako ya ufunguo, ikiwa imezimwa, inaunganisha mweusi-mweupe na kijani, na ikiwashwa inaviachanisha. Pima kwa multimita kabla ya kupiga kiki. Ikiwa kinyume, utapiga kiki mpaka goti liume huku cheche inaenda ethi yote.

Pengo kati ya nundu na kipokezi liwe karibu nusu milimita. Likizidi, cheche haitoki kwa mwendo wa kiki ingawa ukisukuma pikipiki inawaka. Dalili hiyo inawachanganya wengi, wanabadilisha CDI nzima nzima.

Regileta ya waya 4: mweupe au wa pinki ni wa kuchaji kutoka koili, wa njano ni wa taa, mwekundu unaenda betri kupitia fyuzi ya ampea 10, kijani ethi. Kisha badilisha vyote vya volti 6: balbu zote hadi ya dashibodi, honi, flasha, betri. Balbu moja ya volti 6 ukiisahau kwenye geji itaungua siku ya kwanza, hiyo haina hasara. Honi ya volti 6 ndiyo itapiga kelele nzuri sana kwa wiki moja. Betri ya ampea-saa 5 inatosha kwa pikipiki ya kiki. Kubwa zaidi haitachajiwa ikajaa na hizi koili.

Ipogolo

Kamwene wakuu. Fundi Nzovwe kamaliza umeme, naongeza moja tu kabla ya kabureta: kompresheni ya 10 usiiogope. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ya pwani. Injini inayosoma 12 Tanga itasoma karibu 10 kwako bila kuwa na ubovu wowote. Ila upime vizuri: mkono wa mafuta wazi mpaka mwisho, plagi nje, kiki za nguvu mpaka sindano isipande tena. Halafu tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikiruka hadi 12 na zaidi, ringi au bloku zimechoka. Ikibaki pale pale huku unasikia pumzi kwenye kabureta au bomba la moshi, valvu ndizo hazifungi.

Na tapeti (nafasi ya valvu) kwanza. CG ni ya pushrodi (vijiti vinavyosukuma valvu), haina cheni ya kamu, ndiyo sababu inavumilia miaka yote hiyo. Injini ikiwa baridi kabisa, zungusha krenki kinyume cha saa ukiangalia kutoka kushoto, alama ya T ya magneti ilingane na alama ya injini, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo: tapeti zote mbili zicheze kwa mkono. Moja ikiwa imekaza, zungusha mzunguko mmoja kamili. Weka 0.08 mm, ya kuingiza na ya kutoa sawa. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Ukikaza nati, pima tena, maana skrubu inapenda kufuata spana. Tapeti ikibana, asubuhi pikipiki haiwaki, na ikipata moto silensa inapotea. Watu wanalaumu kabureta.

Sasa kabureta yenyewe. Hewa ikipungua uzito, kabureta haijui. Inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyo pwani. Kwa Mbeya mchanganyiko unajaa mafuta kwa kama asilimia 9 au 10. Namba za jeti za Keihin zinafuata kipenyo cha tundu, kwa hiyo kupunguza petroli asilimia 10 ni kupunguza namba kama 5. Ukiikuta jeti kubwa imeandikwa 100, jaribu 95. Usiruke hadi 85 kwa sababu rafiki yako kaweka 85 kwenye pikipiki nyingine. Jeti usiizibe kwa waya wala usiitoboe kwa sindano. Kwaruzo moja tu ndani na namba iliyoandikwa haina maana tena. Jeti za bei rahisi namba zake ni za kukisia, kwa hiyo nunua 92, 95 na 98 za mtengenezaji mmoja, angalau tofauti kati yake iwe ya kweli.

Lakini kabla ya jeti kuna vitu vinavyofanana na jeti kubwa: choki isiyorudi mpaka mwisho, filta iliyoziba vumbi, na nidli ya boya iliyolika. Tazama ncha ya nidli hiyo kwa jua. Ikiwa na pete iliyochimbika mahali inapokalia, petroli inapanda kupita kiasi hata ukiweka jeti gani. Filta ya sponji ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikauke, uipake oili na kuikamua mpaka isidondoshe. Ikiwa kavu inapitisha vumbi la Chunya lote kwenye ringi. Ikilowa sana inaziba pumzi.

Nidli ya slaidi ina mifereji ya klipu. Klipu ikipanda mfereji mmoja, nidli inashuka, mafuta yanapungua, na kinachobadilika ni mwendo wa robo hadi robo tatu ya mkono wa mafuta. Jeti kubwa inahusika mkono ukiwa wazi. Silensa na mwanzo wa kuvuta ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya pembeni. Hiyo skrubu angalia iko wapi: ikiwa upande wa filta, inaongoza hewa, ukifungua mafuta yanapungua. Ikiwa upande wa injini, inaongoza mafuta, ukifungua yanaongezeka. Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa kwa ulaini, injini ikiwa ya moto, tafuta mahali silensa inapanda juu kabisa, kisha shusha silensa kwa skrubu ya slaidi.

Wewe unayepanda na kushuka, fikiria hivi. Juu ya Kawetere ni zaidi ya mita 2,400, Kyela iko karibu na ziwa ambalo lina mita 475 hivi. Jeti ya 95 inafaa mjini na kupanda Chunya. Kyela nayo itakuwa na hewa nyingi kidogo kwa mkono wazi, na mzigo wa mpunga na joto la kule ndipo pistoni inapoungua. Ukienda kukaa siku kadhaa rudisha 98. Ni dakika 15: funga petroli, mwaga bakuli, jeti inatoka kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji wake. Kama unataka jeti moja ya safari zote, iwe 98, ukubali masizi kidogo milimani. Masizi yanasafishika, pistoni iliyokwama haisafishiki.

Kijana wa Uyole

Nashukuru sana wakuu. Nimevua filta, sponji imekuwa unga, nikishika inabaki mkononi. Nidli ya boya ina pete kama alivyosema Ipogolo. Jeti iliyomo imeandikwa 105, na ndani ina mikwaruzo.

Swali la 150 bado. Huku milimani nguvu ndiyo shida, je, si njia fupi?

Njia Panda Makambako

105 iliyokwaruzwa pamoja na nidli iliyolika, hapo kabureta ilikuwa bomba la maji. Weka nidli mpya na 95 uone kwanza una pikipiki ya aina gani, ndipo uongelee 150.

Hesabu ya 150 ni hii. CG125 ni 56.5 kwa 49.5 mm, cc 124. CG150 inabaki na 49.5 ile ile, pistoni inakuwa 62 mm, cc 149. Kwenye karatasi ni nyongeza ya asilimia 20. Shida iko mdomo wa kreti ya injini (gamba la chini linalobeba krenki). Bloku ya 62 ina shati (bomba la chuma la ndani) nene kwa chini, na kreti ya 125 mdomo wake ni mwembamba. Chukua venia (kipimo cha kubana), pima nje ya shati la bloku unayouziwa, pima ndani ya mdomo wa kreti yako. Kama haiingii, lazima injini ipasuliwe yote na kreti ipelekwe kwenye mashine ya leti ichongwe, na aluminiamu ya pale si nene. Mchongaji akikosea mstari, bloku inakaa upande, ringi zinakula upande mmoja, na kreti yenye namba ya kadi yako ndiyo iliyoharibika. Kreti nyingine ina namba nyingine, hapo unaanza habari ya kubadilisha kadi.

Halafu pistoni ya 62 ni nzito zaidi, na krenki ya 125 uzito wake wa kusawazisha haukupangwa kwa ajili hiyo. Itatetemeka kwenye mikono na kulegeza nati za fenda. Hedi nayo: chemba ya 125 juu ya bloku ya 62 inaacha ukingo wa bloku wazi, na njia za hewa ni zile zile ndogo.

Kama bloku yako imechoka, ichonge kwa pistoni ya saizi zaidi: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Hata ya 1.00 inakupa cc 128 na nusu tu, usitegemee nguvu, unachopata ni bloku mpya. Mpelekee mchongaji pistoni mkononi, asichonge kwa kusoma namba kwenye boksi. Pistoni za mtaani zinapishana. Mwambie aache 0.03 mm hivi kati ya pistoni na bloku, akimaliza apige mistari ya msalaba. Ringi moja moja iweke ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima pengo kwa fila: 0.15 hadi 0.35 mm. Chini ya hapo, ikipata moto ncha zinagongana na ringi inavunjika. Piga tupa ncha moja taratibu.

Nguvu ya rahisi iko kwenye spoketi ya mbele. Ikiwa ni meno 15, weka 14. Unapata asilimia 7 ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, unapoteza asilimia 7 ya mwendo wa juu ambao kwa kupanda Kawetere huuhitaji. Cheni ni ile ile ya 428, unarudisha ekseli nyuma kidogo. Usiende 13 kama unashuka Kyela kila wiki, injini italia bondeni, na cheni inapinda sana kwenye spoketi ndogo kwa hiyo inakufa mapema.

Mwana Mbalizi

Makambako anatisha watu kupita kiasi. 150 zinazotembea huku ni nyingi. Injini inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, Mbeya umeshatoa asilimia 17 kabla hujabeba abiria. Pistoni ya 62 inakurudishia karibu yote. Tatizo ni kuchanganya. Ukitaka 150 chukua injini kamili ya CG150, nyingi zinakaa kwenye mashimo yale yale ya fremu, ina krenki yake, hedi yake, umeme wa 12V uko ndani tayari. Honda ifungie kwenye gunia kavu na oili ndani yake. Na kadi uipeleke TRA ibadilishwe namba ya injini mapema, isiwe hadithi ya kumweleza trafiki.

Njia Panda Makambako

Hapo nakubaliana. Injini kamili ni sawa. Nilichokataa ni bloku ya 150 kwenye kreti ya 125. Ila pima mambo mawili kabla: mstari wa spoketi ya mbele na ya nyuma kwa rula ndefu, na nafasi ya bomba la moshi kwenye mguu wa breki.

Fundi Nzovwe

Breki ya diski nadhani iache kwa sasa. Diski maana yake ni shokapu za mbele zenye sehemu ya kufungia kalipa, haba yake, ekseli yake na pampu ya mkononi. Shokapu za Kichina nyingi ni nene kuliko zako, kwa hiyo na kibano cha juu na cha chini vinabadilika, na mhimili wa usukani unaweza kuwa mrefu au mfupi kuliko kichwa cha fremu. Ukiona mtu kaweka washa tatu chini ya bakuli la beringi, hapo urefu umemkataa.

Drami ikitunzwa inashika. Vua haba, pima kama ndani imekuwa yai. Viatu vipya vipigwe msasa wa 80 kidogo, kingo za mbele zikatwe mteremko ili visilie. Kemu ya breki itoe, isafishe, paka grisi kidogo sana. Kisha angalia mkono wa kemu: breki ikishika, waya na mkono huo vifanye pembe mraba. Watu wanakaza nati mpaka mkono unapita pembe hiyo, mkono wa breki unakuwa mgumu kama jiwe lakini hakuna nguvu inayofika. Mlima Nyoka au Iwambi ukiwa na mzigo, shuka kwa gia uliyopandia, drami isichemke. Drami ikichemka inanuka kwanza, kisha mkono unaanza kufika kwenye mpini. Ukisikia hiyo harufu simama, usiimwagie maji.

Kijana wa Uyole

Wakuu, mrejesho. Seti ya AC imefungwa, wino kwenye koni ulifutika uso wote. Tapeti 0.08, nidli ya boya mpya, jeti 95, sponji mpya. Inawaka kiki ya kwanza, plagi imekuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Spoketi 14 imefungwa.

Kuna mawili yamebaki. Kwanza, betri ikiwa imetulia inasoma 12.6, ila nikivuta mafuta inapanda hadi 15.8, balbu ya nyuma imeshaungua mara mbili. Pili, nimeweka taa ya LED mbele, inacheza kama mshumaa kwenye upepo silensa ikiwa chini.

Fundi Nzovwe

15.8 ni nyingi, inatakiwa 13.8 hadi 14.8. Usinunue regileta nyingine bado. Regileta hii inafanya kazi kwa kumwaga umeme uliozidi kwenye ethi, na ethi ikiwa mbaya haina pa kuumwaga. Umeifunga kwenye fremu yenye rangi? Weka multimita kwenye volti ndogo za DC, waya mmoja kwenye kijani cha regileta, mwingine kwenye ncha hasi ya betri, vuta mafuta. Ukisoma zaidi ya 0.2, ethi ni mbovu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kisha toa waya mnene kutoka kijani cha regileta moja kwa moja hadi hasi ya betri. Ikiwa ethi ni safi na bado ni 15.8, hapo ndipo ubadilishe regileta.

LED inacheza kwa sababu waya wa njano ni AC (umeme wa mawimbi, si wa betri) na regileta yako inatumia nusu tu ya wimbi. Balbu ya kawaida haioneshi maana utambi unabaki na joto, LED inazima na kuwaka kila wimbi. Kuna njia mbili. Ya haraka, itoe LED kwenye waya wa njano, ipe umeme wa betri kupitia swichi. Inafaa ikiwa LED yenyewe ni ya wati 15 au chini, zaidi ya hapo betri itashuka mjini. Ya pili ni kuinua ethi ya koili. Vua sahani, tafuta mahali ncha ya koili ya kuchaji na ya taa ilipolehemiwa kwenye chuma cha sahani. Ifungue, ivalishe soksi ya kuzuia joto, ilehemie waya mpya uutoe nje pamoja na wa njano. Usiguse ncha ya koili ya CDI, hiyo ibaki kwenye ethi. Kisha weka regileta ya wimbi zima: waya hizo mbili zinaingia kama AC, nyekundu na kijani kwenda betri, na taa zote sasa zinakula betri. Kabla ya kurudisha sahani pima kutoka waya mpya hadi chuma cha sahani: multimita isome wazi kabisa. Ikisoma omu yoyote, kuna tone la risasi limegusa.

Kijana wa Uyole

Ethi ilisoma 1.3. Nimekwangua na kutoa waya hadi hasi ya betri, sasa ni 14.3 na haisogei. Koili nitaiinua Jumapili. Ndaga fijo.

Ipogolo

Jumapili ukishafungua kava, angalia na oili. Ikiwa ni 20W-50, kwa baridi ya Juni na Julai huko Uyole klachi inaganda asubuhi na pikipiki inaruka ukitia gia ya 1. Weka 10W-40 iliyoandikwa JASO MA (alama ya oili ya pikipiki ambayo klachi yake iko ndani ya oili), karibu lita 0.9, uthibitishe kwa kijiti bila kukizungusha kwenye uzi. Oili ya gari usiweke, klachi inaweza kuteleza.